Usiikate Sehemu ya Chini: Namna ya Kuisoma Picha ya Maria Msaada wa Wakristo

Chukua picha ya Maria Msaada wa Wakristo uliyo nayo nyumbani: ile ndogo inayokaa ndani ya kitabu cha sala, au ya kalenda ya parokia, au iliyotiwa fremu na kutundikwa saloni. Kabla hujautazama uso wa Mama, tazama ukingo wa chini wa karatasi. Picha inaishia wapi? Kama inaishia kwenye mawingu yaliyo chini ya miguu yake, basi una nusu ya picha mkononi, tena ni ile nusu isiyoweza kukueleza kwa nini huyu Mama anaitwa Msaada. Kama chini ya mawingu unaona wanaume wenye ndevu, vitabu, funguo na upanga, unayo karibu yote. Na kama chini kabisa unaona kanisa na mji, mshukuru aliyekuuzia. Hiyo ndiyo picha nzima.

Nakala nyingi zinazopita mikononi mwa waamini kati ya Sakania, Kafubu na Lubumbashi ni za aina ile ya kwanza. Mchapaji ana karatasi ndogo, anataka uso uonekane vizuri, basi anakata. Haya ninayoyaandika hapa ni njia ya kuisoma picha nzima, tangu juu hadi chini. Ukishaijua hii moja, utakuwa umejua kuzisoma picha nyingi za dini za zama za Renaisansi, yaani zile kazi kubwa za Italia za karne ya 15 na ya 16. Maria Msaada wetu alichorwa baadaye sana, kati ya mwaka 1865 na 1868, lakini mpangilio wake umetoka kwa wachoraji wa zama hizo.

Ilivyofika kwetu ni habari fupi. Reli kutoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikaingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 1911 wakaja Wasalesiani wa kwanza wakiongozwa na padri Joseph Sak. Mwaka 1926 Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristo, wale masista Wasalesiani, walianza kazi yao ya Kongo pale Sakania. Sakania ikawa jimbo mwaka 1959, na leo linaitwa jimbo la Sakania-Kipushi. Popote watu hawa walipojenga shule au zahanati, Mama huyu alikuwa nao, kwa sababu picha yake iliagizwa na mwanzilishi wao mwenyewe, Don Bosco, kwa ajili ya kanisa lake kubwa la Valdocco, Torino.

Usidhani kwamba kusoma picha ni kazi ya waliopita Akademia ya sanaa. Mtu wa Katanga anajua kusoma picha tangu zamani. Katika miaka ya 1970 saloni nyingi za Lubumbashi zilikuwa na ile tablo ya Colonie belge: bendera juu ya mlingoti, mzungu wa serikali amesimama, askari ameshika kiboko, mfungwa amelazwa chini. Hakuna aliyehitaji mwalimu wa kumwambia kwa nini bendera iko juu kuliko vyote na mtu anayechapwa yuko chini kuliko vyote. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya nchi kwa picha zipatazo mia moja mjini Lubumbashi mnamo 1973 na 1974, na kila mara mahali alipomweka mtu palikuwa sehemu ya neno alilotaka kusema. Jicho lililoisoma Colonie belge linatosha kumsoma Raphael, mmoja wa wachoraji wale wa Renaisansi. Linahitaji tu kuzoea mavazi mengine.

Umbo kwanza, majina baadaye

Wengi huanza na majina: huyu nani, yule nani, yule mwenye upanga ni mtakatifu gani? Acha hayo kwanza. Fumba macho nusu mpaka sura zipotee, yabaki mafungu ya rangi na ya mwanga. Kama picha ni ndogo, igeuze kichwa chini. Wachoraji wenyewe hufanya hivyo ili jicho lisivutwe na nyuso. Sasa pitisha kidole juu ya mafungu makubwa na uone yanajenga umbo gani.

Kwenye Maria Msaada utaona ghorofa tatu. Juu kuna mwanga wa dhahabu. Katikati kuna fungu moja refu lililosimama, jekundu na la buluu, limezungukwa na malaika. Chini kuna mkanda mpana, mzito, wenye giza zaidi, uliojaa miili. Halafu tazama nafasi iliyopo kati ya kundi la chini na yule aliye katikati. Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote. Walio chini wananyosha shingo na mikono, na hakuna hata mmoja anayemfikia. Umbali huo mchoraji aliupima.

Mpangilio huu wa ghorofa haukubuniwa Torino. Mchoraji Tiziano aliujenga Venezia kati ya 1516 na 1518, katika picha ya Kupalizwa Mbinguni iliyo juu ya altare kuu ya kanisa la Frari: mitume chini katika kivuli, Maria katikati juu ya wingu, Mungu Baba juu katika dhahabu. Ni picha ya karibu mita 7 kwenda juu. Mitume wawili wamevaa nyekundu, na gauni la Maria ni jekundu, kwa hiyo jicho lako linapanda lenyewe kutoka kwa hao wawili hadi kwake. Hilo ni somo la kwanza la umbo: rangi moja ikirudiwa mahali patatu, imekuchorea pembetatu bila mstari.

Lakini picha ninayotaka uitafute, hata kwenye simu, ni ile ya Raphael iitwayo Madonna wa Sisto. Iliagizwa na Papa Julius II mwaka 1512 kwa ajili ya kanisa la watawa la San Sisto huko Piacenza, na mwaka 1754 ilipelekwa Dresden, Ujerumani, iliko hadi leo. Ina watu wachache, hivyo kila kiungo kinasomeka. Mapazia mawili ya kijani yamefunguliwa. Maria anatembea peku juu ya mawingu akiwa amembeba Mtoto. Kushoto kwako yuko Papa Sisto, mtakatifu wa kale, katika joho la dhahabu. Kulia yuko Mtakatifu Barbara. Chini kabisa malaika wawili wadogo wameegemea ukingo.

Weka kidole kwenye kichwa cha Maria, shuka kwa Sisto, shuka kwa malaika wawili, panda kwa Barbara, rudi kwa Maria. Umechora almasi. Sasa rudia safari ileile kwa kufuata macho badala ya vichwa. Sisto anamtazama Maria, lakini mkono wake wa kuume unatoka nje ya picha kuelekea kwetu, kana kwamba anamwambia: hawa hapa, wanakungoja. Maria anatutazama sisi. Barbara ameinamisha uso, anatazama chini. Malaika wanatazama juu. Macho yanapokezana, na katika mzunguko huo kuna mahali pamoja palipoachwa wazi, mbele ya picha, pale unaposimama wewe. Raphael amekuhesabu kuwa mmoja wa watu wa picha hata kabla hujazaliwa. Sijui picha nyingine inayofanya jambo hili kwa vifaa vichache hivyo.

Na angalia yaliyowapata wale malaika wawili. Wamekatwa kutoka kwenye picha yao, wakachapwa kwenye kadi, vikombe na bahasha, dunia nzima inawajua, na wengi wanaowajua hawajui kwamba kuna Mama juu yao. Katika picha nzima, hao wawili ndio ngazi ya kwanza ya kupandisha jicho letu. Wakiwa peke yao ni watoto wawili waliochoka kungoja. Kwa hiyo mkasi uliompata Maria Msaada ulimpata pia Raphael, ila kwa upande wa pili: huku wamebaki na juu, kule wamebaki na chini.

Picha aliyoitaka Don Bosco, na picha aliyoipata

Don Bosco alimwita mchoraji Tommaso Lorenzone na kumweleza alichokiona moyoni. Alitaka Maria juu kabisa kati ya makundi ya malaika, kisha mitume, kisha wafiadini, manabii, mabikira, waungama imani. Na chini, matukio makubwa ya msaada wa Maria katika historia, pamoja na mataifa ya dunia yakimnyoshea mikono. Inasimuliwa kwamba Lorenzone alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza picha hiyo itawekwa wapi, maana kazi ya namna ile ingehitaji uwanja mzima wa mji. Don Bosco akakubali kupunguza.

Jambo hili lina maana kwa msomaji wa picha. Kilichobaki baada ya kupunguza ndicho alichoona hakiwezi kuondolewa: Maria na Mtoto, mwanga wa mbinguni, malaika, mitume na wainjili, na mji chini yao. Wafiadini wameondoka, manabii wameondoka, vita vya historia vimeondoka. Mji haukuondoka. Hata baada ya kupunguzwa, picha ilizidi mita 7 kwa kimo na ilikuwa na upana wa mita zipatazo 4, na Lorenzone aliifanyia kazi karibu miaka mitatu. Kanisa lilitabarukiwa tarehe 9 Juni 1868.

Nitasema wazi: Lorenzone si Raphael. Nyuso zake ni laini mno, na malaika wake wamejaa kila pembe kiasi kwamba jicho halipati pa kupumzika. Lakini mpangilio wake ni imara, na Don Bosco mwenyewe, alipoieleza picha hiyo, alisifu zaidi wazo lake la dini kuliko ufundi. Basi tuusome mpangilio huo kama alivyoueleza yeye.

Anza na mwanga. Kutoka juu upande mmoja miali inashuka kutoka jicho la Mungu Baba. Upande wa pili inashuka miali mingine kutoka kwa njiwa, Roho Mtakatifu. Yote inatua juu ya kichwa cha Maria, na Mwana yuko mkononi mwake. Utatu mzima umemzunguka. Maria hatoi mwanga wake mwenyewe, anaupokea. Sakania ni mji wa makanisa mengi, na jirani yako Mmetodisti au wa kanisa la uamsho atakuuliza siku moja kama mnamwabudu Maria. Mwonyeshe mwelekeo wa miali. Mchoraji ametoa jibu ambalo halihitaji kugombana.

Kisha mikono. Mkono wa kuume wa Maria umeshika fimbo ya kifalme, alama ya mamlaka. Mkono wa kushoto umembeba Mtoto. Malkia na mama, kila mmoja na mkono wake, na kichwani taji. Mtoto naye hajamkumbatia mama shingoni kama watoto wengine wa picha za namna hii. Amefungua mikono yote miwili kuelekea nje. Neema inatoka kwake. Mama amemwinua tu ili aonekane. Mara nyingi mikono katika picha ya dini inasema kweli kuliko uso, maana uso mtamu kila mchoraji anaweza kuutoa, ila mkono lazima ufanye jambo.

Kisha wale walio chini. Sasa ndiyo saa ya majina. Petro ana funguo, kwa sababu Yesu alimwahidi funguo za ufalme wa mbinguni. Paulo ana upanga, kwa sababu alikufa kwa upanga. Wainjili wanne wanatambulika kwa viumbe vyao vilivyotoka katika maono ya nabii Ezekieli na Kitabu cha Ufunuo: Mathayo na malaika au mtu mwenye mabawa, Marko na simba, Luka na ng'ombe dume, Yohane na tai. Ukishika hao sita, umeshika ufunguo wa makanisa mengi ya dunia, kwa sababu alama hizi hazibadiliki kutoka nchi hadi nchi. Wachoraji wamewapa pia Andrea msalaba wa umbo la eksi na Bartolomayo kisu, kila mmoja chombo cha mateso yake.

Tahadhari moja juu ya alama: usitafute maana katika kila kitu. Kuna watu wanaohesabu vidole, mikunjo ya nguo na mawingu mpaka picha inageuka kitabu cha uaguzi. Kitu ni alama pale ambapo mchoraji amekiweka mkononi mwa mtu, au mahali pasipo pa kawaida, au amekirudia. Katika picha ya Dresden, lile taji la Papa lililowekwa chini ukingoni ni alama, maana Papa amelivua mbele ya Mama na Mtoto. Mnara mdogo unaochungulia nyuma ya Barbara ni alama, maana ndimo alimofungwa kwa masimulizi ya kale. Lakini kamba ya pazia ni kamba ya pazia.

Rangi zilizochimbwa

Watu wa mkoa wa madini wana haki ya kuzitazama rangi hizi kwa karibu kuliko wengine. Buluu ya joho la Maria katika zama za Renaisansi ilitoka kwenye jiwe la lapisi lazuli, lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, likasafirishwa hadi Italia. Lilikuwa ghali kama dhahabu na wakati mwingine kuizidi. Ndiyo maana mikataba ya wachoraji iliitaja rangi hiyo kwa jina na bei: mkataba wa Ghirlandaio wa mwaka 1485, kwa picha ya Mamajusi kule Firenze, ulidai buluu ya thamani ya florini 4 hivi kwa aunsi. Kumvika Maria buluu hiyo kulikuwa kumpa sadaka inayoonekana. Nyekundu ya gauni ndani ya joho mara nyingi husomwa kama ubinadamu na upendo, na buluu juu yake kama mbingu inayomfunika.

Pale ambapo fedha haikutosha, wachoraji walitumia buluu ya azuriti. Na kwa kijani walisaga malakiti. Yote mawili ni mawe ya shaba. Malakiti ni lile jiwe la kijani lenye mistari ambalo Lubumbashi linauzwa limechongwa mkufu, yai au kisahani. Kuna siri yake ya kazi: ukilisaga sana, rangi inafifia na kuwa nyeupe-nyeupe, ukiliacha chenga-chenga, kijani kinabaki kizito, ila ni kigumu kupaka. Fundi wa karne ya 15 alilazimika kujua pa kuacha kusaga. Mwalimu wa shule anayetaka kuwafungulia wanafunzi picha hizi aanze na kipande cha malakiti mezani, kabla ya kutaja jina lolote la Kitaliano.

Mji ulio chini

Sasa tushuke mpaka pale mkasi unapopita. Don Bosco anaeleza kwamba chini kabisa ya picha yake upo mji wa Torino, pamoja na waamini wanaomshukuru Maria na kumwomba aendelee kuwasaidia katika hatari za maisha. Kwa nini mji, tena mji wake mwenyewe, mahali ambapo wengine wangechora Yerusalemu au Roma?

Jibu zuri zaidi nalipata kwenye picha nyingine ya Raphael, Madonna wa Foligno, aliyoichora mnamo 1511 na 1512 na ambayo sasa iko Vatikani. Iliagizwa na Sigismondo de' Conti, katibu wa Papa. Juu, Maria na Mtoto wamekaa mbele ya duara la dhahabu, mawingu yamejaa sura za malaika. Chini kushoto yuko Yohane Mbatizaji anayetutazama huku kidole chake kikielekea juu, na Fransisko amepiga magoti. Kulia, Sigismondo amepiga magoti katika joho jekundu, na Mtakatifu Jeromu amemwekea mkono kichwani kama mtu anayemtambulisha mgeni wake. Katikati amesimama malaika mdogo aliyeshika kibao kisicho na maandishi.

Pitisha jicho kati ya watu hawa, juu ya kichwa cha yule malaika. Kwa mbali, mdogo kabisa, uko mji. Upinde unauzunguka, na mpira wa moto unaanguka kuelekea nyumba. Inasemekana Sigismondo aliiagiza picha hii kumshukuru Maria kwa sababu nyumba yake ya Foligno iliponea moto uliotoka angani. Sasa ukubwa wa mbingu ile una sababu. Makundi yale ya malaika, dhahabu ile, watakatifu wale wakubwa, vyote vimekuja kwa ajili ya paa moja. Funika mji huo kwa kidole gumba, na picha inabaki nzuri lakini haina tena habari. Ondoa kidole, na Mama yule aliye juu anakuwa na kazi ya kufanya.

Ndivyo ilivyo kwa Maria Msaada. Jina lake limetoka katika hatari: waamini walilihusisha na Papa Pius V na vita vya baharini vya Lepanto vya tarehe 7 Oktoba 1571, na sikukuu ya tarehe 24 Mei iliwekwa na Papa Pius VII mwaka 1815, baada ya kutoka katika kifungo cha Napoleon. Msaada haueleweki bila anayesaidiwa. Ukimwacha Maria peke yake juu ya wingu, una malkia mwenye taji na fimbo, na mtu anaweza kudhani picha inasema juu ya utukufu tu. Mitume wanapoonekana, anakuwa Mama wa Kanisa. Mji unapoonekana, anakuwa Msaada wa watu wenye anwani: wanaopika, wanaougua, wanaosubiri mshahara.

Ukitaka kununua, kufundisha au kuchoresha

Unaponunua nakala, usiulize ukubwa wa uso. Angalia kama funguo za Petro, upanga wa Paulo na kanisa la chini vipo. Ukipiga foto ya picha iliyo kanisani, rudi nyuma mpaka kingo zote nne ziingie, hata kama Mama atakuwa mdogo. Kama sista au katekista anataka kuifundisha kwa watoto, afunike picha kwa karatasi na kuifunua kuanzia chini kwenda juu: kwanza mji, halafu mitume, halafu ile nafasi tupu, na mwisho Maria na mwanga. Watoto watapanda pamoja na picha. Akianza juu, hawatashuka tena; nyota na malaika vitawashika huko.

La mwisho ni kwa parokia zinazotaka kumwagiza fundi achore ukuta. Mafundi wetu ni hodari, ila wakipewa kadi iliyokatwa watachora kadi iliyokatwa. Mpe fundi picha nzima, na kabla hajagusa rangi mwombe agawe ukuta sehemu tatu kwa chaki, ya chini isipungue theluthi. Kati ya mikono ya mitume na wingu abakize ukuta mtupu wa kutosha ili mtu aliye benchi la mwisho auone. Mitume wawe wakubwa na wenye rangi nzito, wengine wametupa mgongo, ili waamini wajione wako nyuma yao katika foleni moja.

Na pale chini pasiwe Torino. Don Bosco aliweka mji wake kwa sababu ndimo walimokuwa watoto wake. Raphael aliweka Foligno kwa sababu ndipo palipokuwa na nyumba ya aliyeomba. Kwa haki hiyohiyo Sakania iweke Sakania: kituo cha reli na mabehewa yake, malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Zambia, vichuguu vikubwa kuliko nyumba, miti ya miombo, baiskeli zilizopakizwa magunia ya makaa, mama aliyembeba mtoto akielekea zahanati. Vichorwe vidogo, lakini kwa usahihi, ili mtu aitambue njia ya kwake. Fundi akisema watu hawatapenda kuona malori kanisani, mwonyeshe ule mpira wa moto wa Foligno.

Kabla hajaanza, pimeni pia kimo cha altare pamoja na maua yanayowekwa juu yake siku za sikukuu, na mstari wa chini wa mji uanzie juu ya hapo.